SINDANO ZA WAMAMA WA SHETLAND



Habari hii ilianza chini ya mwavokado ulio nyuma ya kalasi. Siku ya kazi za mikono wabinti wa mwaka wa tatu walikuwa wameketi pale wakifuma triko za watoto wachanga, na wavulana fulani wakapita (majina yao tunayaacha, maana wengine wako ndani ya komiti yetu sisi wenyewe) wakasema: «Hiyo si kazi, ni mchezo wa wamama wa kupitisha saa.» Binti mmoja hakuinua hata kichwa. Akajibu: «Kama ni mchezo, kofia uliyovaa kichwani uliilipia nini?» Mabishano yakaendelea mpaka kengele, na kesho yake ku chumba cha kulia yakaanza tena.

Basi komiti ikaamua kutafuta. Tuliuliza hivi: kuna fasi duniani ambako sindano mbili na uzi vimelisha nyumba, si kwa mwezi mmoja, lakini kwa miaka mia nyingi? Iko. Ni visiwa vya Shetland.

Fungueni karta ya Ulaya. Tafuteni Scotland, kisha pandeni kaskazini ndani ya bahari, karibu na mstari wa 60. Pale mtaona visiwa vidogo vidogo kupita 100, lakini vyenye watu ni 16 hivi tu. Watu wote pamoja ni karibu 23.000, ni kusema hawajazi hata mtaa mmoja wa Bukavu. Mji mkubwa unaitwa Lerwick. Miti ni michache sana juu ya upepo. Mwezi wa 12 jua linaonekana kwa saa sita hivi, kisha giza. Mwezi wa 6 usiku karibu haufiki. Zamani visiwa hivi vilikuwa chini ya wafalme wa Norwe na Denmark. Mwaka 1469 mfalme Christian wa Kwanza alimwoza binti yake Margaret kwa mfalme wa Scotland. Kwetu ni upande wa bwana unaotoa mali. Kule ilikuwa upande wa binti. Mfalme huyo hakuwa na feza ya kutosha, akaweka Shetland kama rehani mpaka atakapolipa. Hakulipa, na visiwa vikabaki vya Scotland. Tumeingiza habari hii kwa sababu ilituchekesha, lakini pia inaonyesha juu ya nini lugha ya wale watu mpaka leo iko na maneno mengi ya Kinorwe. Kufuma kule wanaita «makkin», ni kusema kutengeneza tu, kama vile hakuna kitu kingine ambacho mtu angeweza kutengeneza.

Udongo wa Shetland ni mwembamba na wenye maji. Shamba lilitoa shayiri kidogo, viazi na kabichi. Kondoo wao ni wadogo lakini sufu yao ni laini sana. Haikuwa lazima kuikata kwa makasi: ilipofika majira ya joto ililegea yenyewe, na watu wakaing'oa polepole kwa mkono. Tena ina rangi zake za asili, nyeupe, nyeusi, ya majivu, ya udongo, hivi mtu angeweza kufuma mapambo bila kununua rangi dukani.

Wababa walikuwa wapi? Walikuwa baharini. Wengine walichukuliwa na manowari za Uingereza, wengine walikwenda kuwinda nyangumi karibu na barafu ya kaskazini, na wengi walivua samaki mbali na pwani katika mashua wazi yenye makasia sita. Kazi ile ilikuwa ya kufa. Mwezi wa 7, mwaka 1881, dhoruba moja ilikamata mashua za upande wa Gloup, ku kisiwa cha Yell: mashua 10 zilipotea kwa usiku mmoja pamoja na watu 58. Mwaka 1832 ilikuwa mbaya kupita hapo, watu 105. Hivi ndani ya vijiji vya Shetland wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa muda mrefu. Kulikuwa na nyumba zenye mama mjane, binti ambaye hakuolewa na bibi mzee, bila mwanaume hata mmoja, na nyumba hizo ziliishi.

Ziliishi namna gani? Mama alilima, alikamua ng'ombe, alibeba udongo wa kuwasha. Kule hakuna kuni wala makala. Wanachimba udongo mweusi wa mabwawa, wanaukausha, na unawaka ndani ya jiko. Mama aliuleta nyumbani ndani ya kitunga cha majani mgongoni, na mkanda wa kitunga ukapita mbele ya kifua. Wenzetu wanaotoka milimani wamekwisha kuona mama yao katika maneno haya, ila kwetu mkanda unapita ku paji la uso. Tofauti ni hii: mikono ya mama wa Shetland, wakati kitunga kiko mgongoni, ilikuwa inafuma. Alifuma akitembea. Picha za zamani ziko nyingi za kuonyesha jambo hilo: mzigo nyuma, soksi mbele, na macho yakitazama njia.

Iko chombo kilichowasaidia, na tunakieleza kwa wenye kupenda ufundi. Ni mkanda wa ngozi wa kufunga ku kiuno, na upande wa kuume una kifuko kigumu kilichojazwa nywele za farasi na kutobolewa matundu madogo. Fundi anachomeka mwisho wa sindano moja ndani ya tundu, sindano inasimama yenyewe bila kushikwa, na mkono wa kuume unabaki huru kurusha uzi tu. Sindano zao ni ndefu, zenye ncha pande mbili, na wanazitumia tatu ao zaidi ili kitu kizunguke bila mshono. Mtu mwenye kuzoea mkanda huu anafuma upesi sana. Watoto wa kike walianza na miaka minne ao mitano. Hakuna aliyewauliza kama wanapenda.

Wakati wa baridi wamama na wabinti walikusanyika usiku ku nyumba moja kuchambua sufu na kusokota uzi, leo kwa huyu, kesho kwa mwengine, kama likilimba. Kazi ikiisha wavulana waliingia na fidla na watu wakacheza. Hivi kazi ya sindano ilikuwa pia fasi ya habari, ya ushauri, na (tusifiche) ya kutafuta bwana.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa Uholanzi. Katika miaka ya 1600 mashua zao zilikuja kila mwaka kwa mamia kuvua samaki, na wamama walishuka ku pwani na soksi ndefu kuzibadilisha kwa vitu vingine. Mji wa Lerwick ulikua juu ya biashara hiyo. Katika karne ya 19 ikaja kazi ingine, shali za nyuzi nyembamba sana, hasa kutoka kisiwa cha Unst ambacho ni cha mwisho kaskazini. Uzi ule ni mwembamba kiasi hiki: shali kubwa yenye kufunika mabega yote ya mtu mzima inaweza kupita ndani ya pete ya ndoa. Arthur Anderson, mzaliwa wa Shetland aliyekuja kuwa mmoja wa waanzishi wa kampuni kubwa ya meli, P&O, alimpelekea malkia Victoria soksi nzuri za nyumbani kwao mwaka 1837. Baada ya hapo wanawake wa kitajiri wa London wakataka nao kuvaa vitu vya Shetland.

Sasa tunafika ku jambo ambalo lilifanya komiti yetu inyamaze kidogo. Mtadhani: kama malkia anavaa soksi zako na matajiri wanagombea shali zako, wewe unakuwa tajiri. Hapana.

Mama wa Unst hakuweza kwenda London. Alikwenda kwa mwenye duka, ku kijiji ao ku Lerwick. Mwenye duka alitazama shali, akataja bei, akaiandika. Lakini hakutoa feza. Alitoa vitu vya duka lake: chai, kitambaa, utepe. Kama mama hakutaka kitu siku ile, alipewa kijikaratasi, sawasawa na boni, chenye kuandikwa deni, na boni hiyo ilikubaliwa tu ku duka lile lile. Bei ya kununua ni mwenye duka aliyeipanga, na bei ya kuuzisha pia ni yeye. Alipata faida mara mbili juu ya shali moja.

Na kibaya zaidi: wenye duka wengi hawakutaka kabisa kutoa unga juu ya vitu vya kufuma. Chai ndiyo, kitambaa ndiyo, unga hapana, maana faida ya unga ilikuwa ndogo. Fikirini basi mjane aliyefuma shali kwa majuma mengi, anarudi nyumbani na pakiti za chai, na watoto wana njaa. Anafanya nini? Anazunguka ku majirani wenye shamba akibadilisha chai yake kwa unga na viazi, na anapoteza kila anapobadilisha. Wengine waliuza boni yao kwa feza pungufu kuliko ile iliyoandikwa, ili wapate tu ya kulipa nyumba. Wengine walikuwa na nguo nzuri mwilini na jiko tupu, na watu wa mbali wakawacheka wakisema wanawake wa Shetland wanapenda sana kujipamba! Hawakujua kwamba hayo mapambo ndiyo mshahara.

Jambo hili tunalijua kwa sababu mwezi wa kwanza wa mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma mwanasheria, Guthrie, kufanya uchunguzi Lerwick. Aliwaita wenye duka, akawaita wavuvi, na akawaita wanawake wenye kufuma. Waliketi mbele yake mmoja mmoja, wakaulizwa maswali, na majibu yao yakaandikwa neno kwa neno. Kwa wengi wao, watu maskini wa kijiji, hakuna fasi ingine sauti yao ilipoandikwa. Wengine walisema wazi kwamba waliomba feza na wakakataliwa. Ni kitu kikubwa: mama anayemtegemea mwenye duka kwa chai ya kesho anasimama na kumshitaki.

Sheria ilichelewa. Ilikuwa ni 1887 ndipo walipoandika katika sheria kwamba vitu vya sufu vilivyofumwa nyumbani lazima vilipwe kwa feza. Na hata hapo, sheria ni karatasi, duka ni duka. Kulipana kwa vitu kuliendelea miaka mingi katika vijiji. Kilichovunja desturi hiyo kabisa ni vita ya pili ya dunia: maelfu ya askari waliwekwa Shetland kulinda kaskazini, walisikia baridi, walikuwa na mshahara mfukoni, na wakanunua triko na glavu moja kwa moja ku mikono ya wamama. Kwa mara ya kwanza wengi wao waliona feza taslimu kwa kazi ya sindano. Wenye duka hawakufurahi.

Kati ya hapo mtindo ulikuwa umebadilika. Kusini ya Shetland kuna kisiwa kidogo sana, Fair Isle, ambacho leo kina watu 50 hivi. Ufundi wake ni kufuma kwa rangi mbili katika kila mstari, moja inaonekana na ingine inapita nyuma, hata inatokea misalaba, nyota na mawimbi ya rangi nyingi. Kwa sababu uzi unapita nyuma, nguo inakuwa na unene wa mara mbili, na joto ni kali. Mwaka 1922 mtoto wa mfalme, aliyekuwa baadaye Edward wa Nane, alivaa triko ya namna hii akicheza golf ku St Andrews. Kesho yake kila kijana wa kitajiri aliitaka. Kichwa kimoja cha mfalme kilifanya kazi ambayo maombi ya wamama hayakufanya!

Tutahadhari hapa na hadisi. Wengi wanasema mapambo ya Fair Isle yalifundishwa na Wahispania, kwa sababu meli yao El Gran Grifón ilivunjika pale mwaka 1588. Meli ilivunjika kweli. Lakini wenye kuchunguza historia hawakuona alama yoyote ya kusadikisha kwamba mabaharia wale walifundisha kufuma. Ku visiwa vya Aran, Ireland, iko hadisi ingine: kwamba kila jamaa ilikuwa na mapambo yake juu ya triko, ili maiti ya mvuvi itambulike ikitupwa na bahari. Hiyo nayo si kweli. Inaonekana ilikua kutoka mchezo wa kuigiza wa Synge, wa mwaka 1904, ambamo ndugu za mtu aliyezama wanamtambua kwa vitanzi vya soksi yake. Sisi tunaona hadisi hizi zinafanana kwa jambo moja: watu wanapenda kusimulia baharia na maiti, hawapendi kusimulia mama aliyekaa jikoni akihesabu vitanzi kichwani. Maana mapambo yale hayakuwa ndani ya kitabu. Mama aliyashika kwa akili, akayabadilisha kidogo, binti akatazama na kushika. Ukiuliza identité ya wale wanawake iko wapi, hatufikiri iko katika alama ya ukoo. Iko katika kule kusema: hii nimeifanya mimi, na nyumba imekula.

Baadaye? Mashine za kufuma ziliingia, na nyumba nyingi zikafuma mwili wa triko kwa mashine na kumaliza mabega kwa mkono. Kisha petroli ikapatikana ndani ya bahari ya kaskazini. Kiwanda kikubwa cha kupokea petroli kilianza kujengwa Sullom Voe mwaka 1975, na wanawake wengi wakaweka sindano chini wakaenda kupika, kusafisha na kuandika ku maofisi ya kiwanda. Wengine wanalia kwamba utamaduni ulikufa kwa petroli. Sisi hatulii upesi hivyo. Tufanye hesabu kama ku kalasi: triko ya Fair Isle ya mkono inaomba karibu saa 100. Ukiiuza kwa pauni 200, na hapo hatujahesabu uzi, umepata pauni 2 kwa saa. Mshahara wa chini wa sheria kule Uingereza, tangu 2025, unapita pauni 12 kwa saa. Nani angebaki?

Hata hivyo sindano hazikutupwa. Mwaka 2010 baraza la visiwa liliondoa masomo ya kufuma katika shule za primeri, ili kupunguza matumizi ya feza. Watu walikasirika sana, na kisha wamama wakaanza kufundisha watoto bila malipo, wavulana na wabinti pamoja. Mwaka ule ule kulianza juma la sufu ambalo kila mwaka linaleta wageni kutoka nchi nyingi. Wanalipa feza kufundishwa na wenyeji. Hivi ufundi ambao ulilipwa kwa chai, leo unalipwa kwa kufundishwa.

Na ninyi wavulana wa mwavokado, tulisema tutawajibu. Katika Peru kuna ziwa la juu sana, Titicaca, na ndani yake kisiwa cha Taquile. Pale wanaofuma kwa sindano ni wanaume. Mvulana anaanza akiwa mdogo, kofia anayoifuma inaonyesha kwa rangi zake kama ameoa ao bado, na kijana asiyejua kufuma vizuri anapata shida kumpata mchumba. Wanawake wao wanafuma vitambaa kwa mitambo ya miti. Shirika la UNESCO lilitambua ufundi huo mwaka 2005. Kwa hiyo, kusema sindano zimeumbwa kwa ajili ya mkono wa mwanamke ni kusema jambo ambalo watu wa Taquile hawajalisikia.

Tunabaki na deni moja kwenu. Ziwa letu la Kivu nalo lina kisiwa, Idjwi, na ku milima yote ya huku wamama wanafuma kofia na triko za watoto kwa sababu ya baridi. Tunaomba wenzetu watakaokwenda nyumbani wakati wa mapumziko wamwulize mama, ao shangazi, ao jirani: uzi unanunua bei gani, triko moja inakula siku ngapi, unaiuza bei gani, na anayeiuza ku soko ni wewe ao ni mtu mwengine? Andikeni majibu ku karatasi, bila jina la mama, na mtupe kabla ya juma la pili la masomo. Binti wa mwaka wa tatu aliyejibu chini ya mwavokado amekubali kufanya hesabu.

Komiti ya gazeti